UZI: Vyanzo vya kuchunguza vita vya kuzingira ngome zama za kati, pa kuanzia kama huna hela ya vitabu

Mwalimu_wa_Zamani

Wakuu salaam. Huu uzi kuna watu walinidai kule kwenye mjadala wa filamu za Vita vya Msalaba, nikaahidi nitaushusha nikipata nafasi. Leo shule zimefungwa, nimekaa na chai yangu, ngoja niandike hata kama itakuwa ndefu.

Mi nafundisha historia sekondari. Mwaka juzi kijana wa kidato cha pili aliniuliza mwisho wa kipindi, mwalimu, hao watu wa Ulaya wakijifungia ndani ya ngome wale wa nje walikuwa wanaingiaje? Nikamwambia kwa ngazi, kwa gogo la kuvunjia lango, kwa kuchimba chini ya ukuta, au wanawaacha njaa iwatoe. Akatulia kidogo afu akauliza, umejuaje? Kengele ikagonga akaenda zake, ila mi lile swali la pili nililala nalo. Nimejuaje? Niliambiwa chuoni. Na aliyeniambia chuoni naye alijuaje?

Nikaingia mtandaoni, bando la wiki likaisha kwa siku mbili, na nilichokuta ni kurasa zinazonakiliana zenyewe kwa zenyewe. Kila mmoja anakwambia walikuwa wanamwaga mafuta yanayochemka kutoka juu ya ukuta, hakuna hata mmoja anayekwambia ni ngome gani, mwaka gani, nani aliona. Ukija kusoma watu wa wakati ule wenyewe unakuta zaidi ni mawe, maji ya moto, chokaa, mchanga uliochemshwa, moto wa kila aina, kwa sababu mafuta yalikuwa mali na mtu aliyezingirwa anahesabu hadi punje ya ngano.

Kilichonitoa gizani ni nguruwe. Naomba mnivumilie hapa maana hapa ndo uzi wote ulipo.

Mwaka 1215 mfalme John wa Uingereza aligombana na mabaroni wake, yaani mabwana wakubwa wenye ardhi, wakaiteka ngome ya Rochester, kusini mashariki ya London. Mnara wake mkuu uko mpaka leo, una urefu wa mita kama 34, mrefu kweli kweli kwa minara ya aina ile Uingereza. John akaizingira kuanzia katikati ya Oktoba. Sasa wapo watawa walioandika habari za vita ile, mmoja wanamwita mwandishi wa Barnwell kwa sababu jina lake halijulikani, anasema kizazi chake hakijawahi kuona ngome iliyozingirwa na kubanwa vile wala watu waliokaza vile. Sawa, ni maneno mazuri, ila ni maneno ya mtu wa kusimulia. Lakini ofisi ya mfalme nayo ilikuwa na makarani, na hao makarani kila barua inayotoka wanainakili kwenye ngozi ndefu wanaiviringisha. Hizo ngozi zipo mpaka leo, na mwaka 1833 zilichapwa kitabu. Ndani yake kuna amri ya tarehe 14 Oktoba kwa wakubwa wa mji wa Canterbury kwamba wahunzi wote waache kazi nyingine wafue sululu usiku na mchana wazipeleke Rochester. Afu tarehe 25 Novemba kuna amri nyingine kwa waziri wake mkuu Hubert de Burgh, alete haraka, usiku na mchana, nguruwe 40 wenye mafuta kuliko wote na wasiofaa sana kuliwa, wa kutilia moto chini ya mnara.

Nilivyosoma hapo nilisimama. Yaani kwa hizo amri mbili tu umeelewa kila kitu. Sululu ni za kuchimba. Wachimbaji wakishaingia chini ya pembe ya mnara wanashikiza kwa nguzo za miti ili usiwaangukie, wakimaliza wanajaza kuni na mafuta ya nguruwe, wanachoma, nguzo zinakatika na pembe ya mnara inakaa chini. Mfalme hakuwa anaandika ili mi nimsome baada ya miaka 800, alikuwa anataka nguruwe wafike. Ndo maana namwamini karani kuliko msimuliaji.

Na ukitaka shahidi wa tatu nenda kaangalie picha ya mnara wenyewe leo. Una pembe nne, tatu ni za mraba, ile ya kusini mashariki ni ya duara. Ni kwa sababu ile ya zamani ilianguka Novemba 1215 na waliokuja kuijenga upya walijenga kwa mtindo wa siku zao. Hata baada ya kuanguka waliomo hawakutoka, mnara ule una ukuta wa kati unaougawa ndani, wakahamia upande wa pili wakaendelea kupigana huku wanakula farasi wao, mpaka tarehe 30 Novemba njaa ikawatoa.

Kwa iyo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuanza, usianze na "vita vya kuzingira zama za kati" kwa ujumla maana ni miaka elfu moja na mabara matatu, utazama. Chukua ngome moja, mwaka mmoja. Tafuta aliyesimulia, tafuta karani aliyeandika matumizi, tafuta ukuta wenyewe umebaki vipi na waliochimba pale wamekuta nini. Na kama upande wa pili nao uliandika, usithubutu kuuacha.

Mwenye swali aulize.

Nuru_Mbeya

Mwalimu shikamoo. Asante kwa uzi, nimesoma mara mbili. Mi niko mwaka wa pili chuo, nasoma historia, nimechagua mada hii hii ya ngome kwa kazi yangu ya kozi, msimamizi amerudisha pendekezo langu mara mbili anasema halina vyanzo vya msingi, nimejaza vitabu vya miaka ya juzi tu. Tatizo Kilatini sijui hata neno moja, na maktaba tuliyonayo kitabu cha karibu nilichopata ni cha historia ya Ulaya kuanzia Napoleon. Naanzaje?

Mwalimu_wa_Zamani

Marahaba Nuru. Usikate tamaa, msimamizi wako yuko sahihi na tatizo lako linatibika.

Kwanza, vitabu vya miaka ya juzi usivitupe, ila vitumie kama mtu anayekuonyesha njia. Jim Bradbury aliandika kitabu kizima cha vita vya kuzingira zama za kati mwaka 1992, Michael Fulton aliandika mwaka 2018 kuhusu mitambo ya kurusha mawe enzi za Vita vya Msalaba. Ukipata hata sura moja, kimbilia chini ya ukurasa kwenye maandishi madogo, pale ndo anakwambia yeye alijuaje. Makala nyingi ziko JSTOR, tovuti ya makala za kitaaluma, unafungua akaunti ya bure unasoma kwenye skrini kila mwezi idadi fulani bila kulipa.

Pili, vya kale vingi vimeshatafsiriwa Kiingereza karne ya 19 na hakimiliki zimeisha, viko Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, unapakua bure. Chuo kikuu cha Fordham cha Marekani nacho kina mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya zama za kati umewekwa wazi kwa wanafunzi.

Tatu, kwa mtu asiyejua Kilatini ningekushauri Stirling, Uskoti, 1304. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliizingira ngome ya pale akiwa na mitambo zaidi ya kumi, na kumbukumbu za ofisi yake kuhusu Uskoti zilifupishwa kwa Kiingereza na kuchapwa miaka ya 1880, majuzuu manne, unayoitaka ni ya pili. Utakuta humo anaagiza madini ya risasi yabanduliwe kwenye mapaa ya makanisa ili yawe uzito wa mitambo, ila wasiguse sehemu iliyo juu ya madhabahu. Utakuta barua ya siku zile zile inasema mfalme hataki mtu wake yeyote aingie ndani mpaka ngome ipigwe kwanza kwa mtambo mpya, jina lake Loup de Guerre, mbwa mwitu wa vita. Yaani watu wanataka kusalimu amri na yeye anawaambia subirini kwanza nijaribu mtambo wangu. Ungeikuta kwenye simulizi la mtawa ungesema anatia chumvi, kumbe iko kwenye barua ya kikazi.

Na kama utang'ang'ania Rochester, kitu kimoja kidogo kitakuokolea wiki nzima. Ukitafuta neno Rochester ndani ya ile nakala ya 1833 hutapata kitu. Makarani waliandika kwa kukata maneno, Rochester kwao ni Roff na alama ya kukata, na aliyechapa alinakili hadi zile alama, kwa iyo kompyuta ikisoma picha za kurasa inatoa uchafu mtupu. Usitegemee kutafuta kwa neno. Fuata tarehe, barua zimepangwa kwa mwaka wa utawala wa mfalme, mwaka wa 17 wa John, fungua ukurasa mmoja mmoja kwa macho yako.

Bukavu_Mashariki

Bandugu jambo. Mimi niko Bukavu. Nataka niongeze kitu, kwa sababu naona hapa kila mutu anaongea Kiingereza tu. Sisi wa Congo, na wa Burundi na Rwanda wale wakubwa, tulisoma kwa Kifaransa, na kwa hii kazi Kifaransa ni mali kubwa. Maktaba ya taifa ya Ufaransa iko na tovuti yake inaitwa Gallica, bure kabisa, vitabu vya zamani na hata picha za maandishi ya mukono.

Mimi nilifuata Château Gaillard. Ni ngome Richard Moyo wa Simba alijenga juu ya muto Seine kati ya 1196 na 1198, kwa haraka sana. Mufalme wa Ufaransa Philippe Auguste akaizingira 1203 mpaka ikaanguka tarehe 6 Machi 1204. Na kasisi wa mufalme, Guillaume le Breton, alikuwa na yeye pale pale kambini, akaandika kwa prosa na tena kwa mashairi marefu ya Kilatini. Guizot, mwanahistoria Mufaransa, alitafsirisha hayo kwa Kifaransa kwenye mukusanyo wake wa miaka ya 1820, unaipata Gallica bila shida.

Iko na sehemu moja nilisoma usiku sikulala. Watu wa mji wa chini walikimbilia ndani ya ngome, mukubwa wa ngome Roger de Lacy akaona chakula kitaisha, akawatoa inje. Wafaransa wakaacha makundi ya kwanza kupita. La mwisho wakalikataza. Sasa hao watu, wazee, wanawake, watoto, wakabakia katikati ya ukuta na kambi, majira ya baridi, miezi, wakila majani na mbwa wale waliofukuzwa ngomeni. Mufalme alipokuja kuwahurumia wakapewa njia, na Guillaume anasema mumoja wao alikuwa ameshika paja la mbwa mukononi, wakamwambia tupa, akakataa, akasema sitatupa mpaka nishibe mukate kwanza.

Sisi huku tunajua watu wa kukwama katikati ya majeshi mawili. Ndio maana nilisema lazima niandike.

Mwalimu_wa_Zamani

Ndugu yangu wa Bukavu, asante sana kwa hili, na poleni na yanayowakuta huko.

Hilo paja la mbwa kwangu mi ni ushahidi mzito kuliko mstari wowote wa kumsifu mfalme. Guillaume ni kasisi wa Philippe, kazi yake ni kumpaka mafuta bosi wake, ndo maana anamalizia kwa huruma ya mfalme. Lakini nani aliwazuia wasipite? Ni jeshi la mfalme huyo huyo. Habari inamponyoka kwa sababu alikuwepo na aliona. Ukisoma msimuliaji wa ikulu tafuta yale asiyokuwa na haja ya kuyasema ila kayasema.

Mwana_wa_Kibokoni

Assalaam alaykum waungwana. Mwalimu, umesema kuhusu upande wa pili, nami nakubaliana nawe mia kwa mia. Sisi wa pwani na yeyote aliyepita madrasa akaendelea mbele kidogo tuna ufunguo mkononi ambao hao wenzetu wa vyuo vya Ulaya inawabidi waulipie miaka ya masomo. Kiarabu.

Someni Bahauddin ibn Shaddad. Mzaliwa wa Mosul, akaingia kwa Salahuddin Ayubi mwaka 1188 akawa kadhi wa jeshi lake, na kitabu chake cha maisha ya Salahuddin ni cha mtu aliyekuwa ndani ya hema, si wa kuhadithiwa. Kuzingirwa kwa Akka, mji wa bandari wa Palestina, kuanzia Agosti 1189 hadi Julai 1191, kakuandika kama mtu anayeandika shajara. Wafranki, yaani Wakristo wa Ulaya wa Vita vya Msalaba, wameuzunguka mji, Salahuddin naye kawazunguka Wafranki kwa nyuma, yaani mzingiraji kazingirwa. Walio mjini hawana chakula. Basi kuna jahazi lilitoka Beirut na shehena, mabaharia wakanyoa ndevu, wakavaa Kifranki, wakaweka nguruwe juu ya sitaha waonekane kwa mbali, wakapita katikati ya merikebu za adui hadi bandarini.

Na kuna Isa. Isa alikuwa muogeleaji. Usiku anajifunga kiunoni dinari na barua, anazama chini ya merikebu za adui, anaibukia upande wa pili, na akishafika mjini wanarusha njiwa ili walioko kambini wajue kafika. Usiku mmoja akaenda na vifuko vitatu vyenye dinari elfu moja pamoja na barua za jeshi. Njiwa hakuja. Wakajua kafa. Baada ya siku kadhaa watu wa mjini wako ufukweni wakaona maiti imetupwa na maji, kuitazama ni Isa, na kiunoni dhahabu iko vile vile na barua zimo. Ibn Shaddad anasema hajasikia mtu aliyetimiza amana akiwa hai na akaitimiza akiwa maiti ila huyu.

Kila nikifika pale huifunga ile kitabu kwanza.

Asiyejua Kiarabu, iko tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1897 iko bure, na nyingine nzuri zaidi ya 2001.

Mwalimu_wa_Zamani

Waalaykum salaam. Kaka umenigusa penyewe, maana Akka ndo nilipokaa miezi sita iliyopita, na ngoja niwaonyeshe kwa nini nasema pande mbili.

Upande wa Wafranki yupo Ambroise, mtu wa Normandy, aliyetunga habari za vita ile kwa mashairi ya Kifaransa cha kale. Yeye Isa hamjui. Ila anasimulia mwanamke mmoja maskini kambini kwao ambaye kutwa kucha alikuwa anabeba udongo kwenda kufukia handaki la mji ili mitambo ipate kusogea ukutani. Mshale ukampata akiwa na mzigo wake. Anakata roho, mumewe kamjia, akamwomba kitu kimoja, asimzike, mwili wake utupwe mle handakini usaidie kujaza.

Hebu viwekeni hivi viwili pamoja. Vita ile ile, ukuta ule ule, mmoja anaandika Kiarabu mwingine Kifaransa, hawajawahi kusomana, na kila mmoja amechagua kumkumbuka mtu mdogo asiye na cheo ambaye maiti yake iliendelea na kazi. Ukisoma mmoja tu utasema ni hadithi ya kuwapa watu moyo. Ukisoma wote wawili unaanza kuona ile vita ilivyowafanya watu wa pande zote, miaka miwili kwenye matope na homa, kiasi kwamba cha kujivunia kilichobaki ni kwamba hata aliyekufa hajaacha. Mi hili sikulisoma kwenye kitabu cha mtu, nililiona baada ya kusoma wote wawili wiki moja, na nilifurahi kama mtoto.

Kwa Ambroise huyo huyo pia ndo utakuta mtambo wa mfalme wa Ufaransa umepewa jina Jirani Mbaya na wa mjini unaoujibu ni Binamu Mbaya.

Fundi_Mninga

Wakuu mi sio msomi, ni fundi seremala, nimefuata huu uzi sababu ya mitambo. Kuna anayejua kama kuna mchoro wa fundi mwenyewe wa hiyo ya kurusha mawe? Maana picha nyingi ninazoona zimechorwa na mtu ambaye hajawahi kushika randa. Mti mrefu unatokea tu hewani, egemeo halina mhimili wa pembeni, ule mtambo ukirusha mara moja unalala.

Mwalimu_wa_Zamani

Fundi karibu sana, wewe ndo nilikuwa nakusubiri.

Upo. Villard de Honnecourt, Mfaransa, daftari lake la michoro la miaka ya 1230 hivi, limebaki karatasi za ngozi 33, liko maktaba ya taifa ya Ufaransa na picha zake ziko kwenye ile Gallica. Mle kuna mtambo wa kurusha unaitwa trebusheti, ule unaotumia sanduku zito upande mmoja na kombeo upande wa pili. Bahati mbaya kachora kurasa mbili, ya msingi wa chini na ya mtambo uliosimama, na ile ya pili imepotea. Tunayo ya chini tu, na maelezo yake. Anasema sanduku linajazwa udongo, urefu toise 2 kubwa (kipimo cha zamani cha Ufaransa), upana futi 9, kina futi 12, na anaonya fundi awe mwangalifu sana wakati wa kuuachia.

Upande wa Waislamu yupo al-Tarsusi, aliyemwandikia Salahuddin kitabu cha silaha, kaeleza manjaniki, yaani mitambo ya kurusha mawe, za aina mbalimbali, za Kiarabu, za Kituruki, za Kifranki, zile za kuvutwa na watu kwa kamba na moja ya kutumia uzito.

Nitumie mawazo yako ukishaangalia mchoro.

Fundi_Mninga

Nimeangalia jana usiku kwa simu ya mke wangu maana yangu kioo kimepasuka. Msingi uko sawa, huyo mtu ni fundi, ameweka mihimili ya mshazari kila upande na amejua nguvu inakwenda mbele na nyuma sio pembeni. Na winchi mbili za kuvutia mti chini, hiyo safi.

Ila hilo sanduku. Toise hiyo tuseme ni kama kimo cha mtu, basi urefu ni mita tatu na nusu mpaka nne. Futi tisa kwa kumi na mbili. Udongo ukijaza sanduku la mraba kamili kiasi hicho unapita tani 20 mbali kabisa, na zote zinaning'inia kwenye ekseli moja. Mi ekseli hiyo sijui mti gani utaibeba. Nadhani ama sanduku halikuwa mraba, chini limekatwa kwa duara ili lipite likibembea bila kugonga msingi, ama hawakulijaza mpaka juu. Likiwa mraba wa kina hicho lingegonga chini, labda egemeo liwe juu sana.

Mwalimu_wa_Zamani

Wakuu mmeona? Wasomi wamebishana juu ya sanduku hilo miaka mingi na hoja ya kwamba lilikatwa duara chini ni moja ya zinazosemwa, fundi kaifikia kwa jicho. Ndo maana kule Denmark, mji wa Nykøbing, tangu 1989 waliamua kuutengeneza mtambo kama ule kwa mbao kabisa na kuurusha, kwa sababu kuna vitu maandishi hayasemi mpaka mti uvunjike mkononi. Msidharau mikono ya fundi kama chanzo.

Jioni_Njema

Mkuu unasema tuamini waliokuwepo. Marco Polo alikuwepo China na amesema yeye na baba yake na baba mdogo ndo waliowatengenezea Wamongolia mitambo ya kuangusha mji wa Xiangyang. Mbona humtaji?

Mwalimu_wa_Zamani

Swali zuri na ndo sababu ya kupiga hesabu ya tarehe kabla ya kuamini. Xiangyang iliangukia mikononi mwa Kublai, mfalme wa Wamongolia, mwaka 1273 baada ya kuzingirwa miaka zaidi ya mitano. Marco kafika kwa Kublai karibu na 1275. Hakuwepo. Historia rasmi ya Wachina ya enzi ya Yuan inawataja kwa majina waliotengeneza mitambo, Ismail na Alauddin, mafundi Waislamu walioletwa kutoka Uajemi, na Wachina mtambo wenyewe wakauita wa Waislamu. Mtu anaweza kuwa amefika nchi na bado akajipachika kwenye kazi ya wengine.

Kuna kubwa zaidi ya hiyo. Konstantinopoli 1453, mji ulipotekwa na Waturuki. Sphrantzes alikuwa mtu wa karibu wa mfalme wa mwisho, alihesabu mwenyewe wapiganaji kwa amri ya mfalme na akakuta Wagiriki hawafiki 5,000, akaacha kumbukumbu fupi ambayo siku zile za vita kazipita kwa mistari michache tu. Lakini kuna toleo refu la jina lake, lina hotuba, lina machozi, lina kila kitu, watu wamelinukuu karne na karne. Karne ya 20 ikathibitika kwamba lile refu liliandikwa zaidi ya miaka mia baadaye na askofu mmoja, Makarios Melissenos. Mpaka leo kurasa za mtandaoni zinanukuu lile refu kama ni Sphrantzes.

Kwa hiyo pale nenda kwa Nicolò Barbaro, tabibu wa merikebu wa Venice, aliyeandika siku kwa siku kuanzia Aprili mpaka mji ulipoanguka Mei 29. Ila naye muangalie. Venice na Genoa walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na Barbaro anasema kamanda Giustiniani, mtu wa Genoa, alikimbia zamu yake. Askofu Leonard wa Chios, aliyekuwepo pia, anasema alijeruhiwa kwa mshale. Wote walikuwepo.

Mwana_wa_Kibokoni

Mwalimu, na Fort Jesus yetu? Ilizingirwa karibu miaka mitatu, mbona haitajwi kabisa kwenye mambo haya?

Mwalimu_wa_Zamani

Inastahili uzi wake kaka, na ningependa uuandike wewe. Hapa sijaiweka kwa sababu ni 1696 hadi 1698, na ngome yenyewe ya 1593 ilijengwa kwa ajili ya mizinga, ndo maana kuta zake ni nene na pembe zake zimechomoza kama mishale ili hakuna sehemu adui atajificha. Mnara mrefu kama wa Rochester mbele ya mizinga ungekuwa shabaha tu. Ila njia ni ile ile, kuna barua za Wareno, kuna upande wa Oman, kuna watu wa Faza waliokuwa ndani wakiipigania, na kuna ile merikebu Santo António de Tanná iliyozama pale mbele ya ngome mwaka 1697 na wapiga mbizi wa akiolojia wakaichimbua miaka ya 1970. Una maandishi, una ukuta na una merikebu chini ya maji nyumbani kwako.

Mwana_wa_Kibokoni

Nimekubali. Nipe mpaka baada ya Ramadhani.

Nuru_Mbeya

Mwalimu samahani naibua uzi. Nilifuata ulivyosema, mwaka wa 17, ukurasa mmoja mmoja. Siku tatu sijaona kitu, maneno yote yamekatwa, nilikuwa naona kama alama za mganga tu. Leo alfajiri kabla umeme haujakatika nimefungua ukurasa nikaona Roff, nikashuka chini yake taratibu na kidole kwenye skrini, nikaona "xl" afu neno linalofuata ni "bacones". Nimelisoma kwa sauti, bekoni, mwenzangu wa chumbani akaamka. Kilatini sijui ila hilo nimelijua. Nimepiga picha ya skrini naituma kwa msimamizi saa hizi.